Namna Kamati Ilivyonichagulia Lugha ya Kompyuta

Mkuu wa ofisi ameniomba niwaandikie kurasa chache ninyi mnaobaki, kabla sijazoea kulala mchana nikasahau. Vyeo na mishahara vimo kwenye jalada langu masjala, anayetaka akasome huko, ila havichekeshi. Mimi nitajibu swali ambalo karibu kila kijana aliyeajiriwa hapa aliniuliza katika wiki yake ya kwanza: "Mama Joeli, ulikuwa mpiga chapa, ukageuka mtu wa kompyuta ukiwa na miaka arobaini na mbili. Ulichaguaje lugha ya kujifunza?"

Jibu ni kwamba sikuchagua. Nilichaguliwa na kamati.

Siku yangu ya kwanza katika ofisi hii ya kumbukumbu za mvua nilikabidhiwa ufunguo wa kabati, kitambaa cha kufutia vumbi, na mashine ya chapa ambayo namba saba ilikuwa imekatika. Nikauliza nifanyeje nikifika kwenye saba. Nikaambiwa niache nafasi, halafu nikimaliza ukurasa nirudi na kalamu nizijaze moja moja, fundi ameshaitwa. Fundi huyo sijamwona mpaka leo. Kila mwezi yalikuja madaftari kutoka Rangwi, Amani, Sigi na vituo vingine ambako kuna mtu anayesoma kipima mvua kila siku saa tatu asubuhi. Mimi niliyanakili kwenye majedwali. Kila mvua ya Usambara yenye saba ndani yake ilipita kwenye kalamu yangu ya wino wa bluu, na nilijivunia kazi hiyo. Nilikuwa na mwandiko mzuri wa saba.

Kisha ikaja barua kutoka makao makuu. Ilisema kwamba kazi ya upigaji chapa itakoma baada ya miezi sita. Mpiga chapa anayetaka kubaki atahamia kazi ya kompyuta, kwa sharti la kujifunza lugha moja ya programu na kufaulu jaribio mbele ya mtahini. Iliambatana na fomu, na katikati ya fomu palikuwa na kisanduku: LUGHA ILIYOCHAGULIWA.

Niliisoma mara tatu. Mume wangu Elia analima kabichi na mapeasi, na kama ningeachishwa ningekwenda kumsaidia shambani. Niseme ukweli mbele yenu: shambani mimi sifai. Nilishawahi kupalilia kitalu kizima nikang'oa miche ya kabichi, nikaacha magugu. Elia alikaa tu juu ya jiwe akakitazama. Kwa hiyo kisanduku kile kilikuwa kitu kizito kwangu.

Mkuu wetu wakati huo alikuwa Bwana Kupaza, mtu mwema aliyeshindwa kuona kisanduku kitupu akakiacha. Aliunda kamati ya watu wanne: yeye mwenyewe, mtu wa hesabu, Athumani dereva kwa sababu alikuwa amefika mikoa mingi, na mimi kama mhusika nisiye na kura. Tulikaa chumba cha majalada. Ilikuwa Julai, baridi ya kukata vidole, na Bwana Kupaza alifungua kikao akiwa amevaa makoti mawili.

Barua ilikuwa na orodha ya mifano ya lugha. Alianza kuisoma kwa sauti.

"Ya kwanza ni C."

"Hiyo ni herufi," alisema mtu wa hesabu. "Labda orodha imeanzia katikati. A na B ziko ukurasa mwingine."

Tulitafuta ukurasa mwingine. Haukuwapo. C ikawekwa kando mpaka A na B zitakapopatikana.

"Ya pili, Java."

Athumani alisema hicho ni kisiwa, alisikia redioni, na ni mbali, ofisi haina mafuta ya kufika huko. Ikaandikwa kwenye muhtasari: mbali.

"Ya tatu, Paskali."

Wote tuligeuka kutazama dirishani, kwa sababu mlinzi wetu aliitwa Paskali na alikuwa nje akiota jua. Bwana Kupaza akamwita. Paskali aliingia, akavua kofia, akaamkia, akasimama.

"Paskali," alisema Bwana Kupaza, "jina lako limekuja katika barua ya makao makuu. Unalo la kusema?"

Paskali alifikiri. "Siku ile geti lilipobaki wazi nilikuwa nimekwenda kuchota maji, Mzee."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za geti. Alishukuriwa, akaruhusiwa kutoka, na hadi alipoondoka kazini alilifunga geti lile mchana na usiku, hata sisi tukawa tunapiga honi kwa dakika kadhaa.

Ya nne ilikuwa Python. Bwana Kupaza alichukua kamusi, akapekua taratibu, akasoma, akaifunga. "Ni chatu," alisema. "Ofisi ya umma haiwezi kumtuma mama mwenye watoto akajifunze chatu. Akiumwa, mimi ndiye nitakayeandika maelezo."

Nilijaribu kueleza. Sikujua mengi, lakini nilijua kwamba hizi ni lugha za kuiamuru kompyuta, si za kuzungumza na watu. Bwana Kupaza alinisikiliza hadi mwisho, maana alikuwa na adabu, kisha akasema jambo lililobadilisha maisha yangu.

"Mama Joeli, lengo letu ni wewe ufaulu. Sivyo?"

"Ndivyo, Mzee."

"Basi tuchague lugha ambayo huwezi kufeli." Akachukua kalamu, akaandika katika kisanduku: KISHAMBAA.

"Mzee, kompyuta haijui Kishambaa."

"Kompyuta inakuja kukaa hapa Lushoto," alisema. "Itajifunza."

Kura tatu zilikubali. Fomu ikapigwa muhuri, ikapelekwa posta siku ileile. Niliamini makao makuu wangecheka na kuirudisha. Baada ya majuma matatu likaja jibu la mistari miwili: uchaguzi umepokelewa, mtahiniwa aandae programu ya kujumlisha mvua ya mwezi mmoja kwa lugha aliyoitaja. Bwana Kupaza aliibandika barua ile ukutani.

Nililia kidogo chooni, halafu nikaenda kwa Athumani na kumuuliza kama katika safari zake zote amewahi kukutana na mtu anayejua kompyuta. Athumani alifuta kioo cha gari kwa muda mrefu kabla ya kujibu.

"Yuko bruda mmoja misheni ya Rangwi, dada Tabitha. Anatunza ng'ombe. Wanasema ujanani alipelekwa Ulaya kusoma, akafanya kazi na kompyuta iliyojaa chumba kizima."

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari la asubuhi kwenda Rangwi. Bruda Gaspari nilimkuta zizini, mzee mrefu mwenye buti za mpira, anakamua. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, tukaulizana habari za nyumbani kwa Kishambaa mpaka ndoo ikajaa. Nilipomweleza shida yangu hakucheka. Aliuliza kama nimeleta kalamu.

Alinieleza kwamba lugha aliyoijua ilikuwa Fotrani, na kwamba siku zile amri moja ilitobolewa kwenye kadi moja, ukapanga kadi zako, ukaipa mashine, ukasubiri. "Lugha ni maneno machache tu yaliyokubaliwa," alisema. "Kama wakubwa wako wanataka Kishambaa, tutakubaliana kwa Kishambaa. Shida ni mashine. Mashine niliiacha Ulaya." Akanawa mikono. "Basi nitakuwa mimi."

Nilidhani ni maneno ya mzee. Alimaanisha. Jumamosi iliyofuata nilikuta amekata maboksi ya sabuni kuwa kadi, zote kipimo kimoja, na ameweka kiti na meza kwenye kibaraza cha jikoni. Tulikubaliana maneno kumi na moja. Fua, yaani mvua, ndilo lilikuwa jina la sanduku la kuwekea jumla. Kimaa, yaani simama, ndilo la kumalizia. Nikaandika programu yangu ya kwanza, kadi sita. Yeye akakaa kwenye kiti, akanyoosha mgongo.

"Shikamoo, Bruda," nilisema, kwa sababu nilikuwa nimekwenda ndani kurudisha kalamu na niliporudi nimemkuta amekaa.

Hakuitikia. Nikarudia. Hakuitikia. Mama mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akatutazama. Kwetu huku mtu mzima asipoitikia shikamoo, watu huanza kuuliza kuna msiba gani. Nikasema mara ya tatu. Bruda akainuka kwenye kiti, akasogea hatua mbili pembeni.

"Marahaba," alisema. "Mama, nikiwa kwenye kile kiti mimi ni mashine. Mashine haiamkiwi. Inapewa kadi." Akarudi kukaa.

Nikampa kadi. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akazirudisha zote. "Kosa, kadi ya pili."

"Kosa gani, Bruda?"

Mashine haielezi. Nilikaa na kadi ile mpaka saa ya chakula kabla ya kugundua kwamba nimeandika fua kwa herufi kubwa mahali pamoja na ndogo mahali pengine. Nilimwambia baadaye, alipokuwa mtu, kwamba hata mtoto angeelewa. Alisema ndiyo, mtoto angeelewa, ndiyo maana watoto hawatumiki kwa kazi hii.

Jumamosi ya nne nilisahau kadi ya kusimama. Programu ilisema ongeza moja kwenye sanduku, rudi mwanzo. Nilimpa, nikaenda kunywa uji na mama mpishi. Tuliporudi alikuwa anaandika namba kwenye karatasi ya nne. Kengele ya chakula ikapigwa, hakuinuka. Wenzake wakala. Kengele ya sala ikapigwa. Padri mwenyewe akaja, akasimama mbele yake, akamwita kwa jina, na Bruda akaandika mia tisa arobaini na mbili.

"Mama," Padri aliniambia, "umemfanya nini?"

"Sikumwambia asimame, Baba."

"Basi mwambie."

Nilitafuta kadi tupu. Hazikuwapo. Nikachana boksi la kibiriti la mama mpishi, nikaandika KIMAA, nikalitia katikati ya vidole vyake. Bruda akasoma, akaweka kalamu chini, akainuka kuelekea kanisani. Alipopita karibu yangu alisema kwa upole, "Sasa hutasahau tena." Na kweli, katika miaka kumi na minane sijasahau.

Miezi sita ikaisha. Programu yangu ilikuwa na kadi kumi na nne za amri na thelathini za mvua, za mwezi wa Aprili kituo cha Rangwi, nilizozinakili kutoka daftari la msomaji mwenyewe. Kompyuta ya ofisi ilikuwa bado haijafika. Mtahini ndiye aliyefika: dada wa miaka kama ishirini na minane, Bi Rehema, amevaa viatu vya wazi vya pwani na anatetemeka kwa ukungu wa asubuhi. Paskali alimfungulia geti baada ya kumhoji. Aliniamkia vizuri, akakaa karibu na jiko la mkaa, akafungua fomu yake.

"Jaribio lazima liendeshwe kwenye mashine," alisema. "Mashine iko wapi?"

"Iko njiani," alisema Bwana Kupaza. "Dereva ameifuata."

Athumani akaegesha Landrova, akamfungulia mlango Bruda Gaspari, ambaye siku hiyo alikuwa amevaa kanzu safi. Bruda aliwasalimu wote kwa mikono miwili, akauliza kiti ni kipi, akakaa, akanyoosha mgongo. Baada ya hapo hakumwona mtu yeyote.

Bi Rehema alimtazama, akamtazama Bwana Kupaza, akatazama fomu. Nadhani alikuwa amechoka na safari. "Fomu inauliza kama mashine iko katika hali nzuri," alisema.

"Goti la kushoto humsumbua wakati wa masika," alisema Bwana Kupaza. "Vinginevyo nzuri."

"Inauliza ukubwa wa kumbukumbu."

"Anawajua ng'ombe wote wa misheni kwa majina. Na waliokufa."

Aliandika kitu. Sijui aliandika nini. Nilimpa Bruda kadi zangu kwa mpangilio, nikarudi ukutani. Alisoma moja moja. Alisita kwenye kadi ya nane, lakini alikuwa anageuza tu kadi iliyopinduka. Ilichukua dakika arobaini. Aliandika jibu, akasoma kadi ya mwisho, akasimama.

Bi Rehema akafungua jedwali rasmi la mwezi ule, lililopigwa chapa nami. Jibu la Bruda lilizidi la jedwali kwa milimita kumi na sita.

Mtu wa hesabu, aliyekuwa amejumlisha jedwali lile, alitazama viatu vyake. Nilijiona tayari nimeinama kwenye vitalu vya kabichi. Kisha nikaomba jedwali. Nikashuka na kidole tarehe kwa tarehe nikilinganisha na daftari la msomaji, na nikaikuta: tarehe tisa, daftari linasema kumi na saba, jedwali langu linasema moja, na mbele yake nafasi tupu. Saba niliyosahau kuijaza. Mvua ya milimita kumi na sita ilikuwa imepotea kwenye kumbukumbu za milima hii kwa sababu yangu na ya fundi asiyekuja.

"Mashine iko sahihi," nilisema. "Mimi ndiye niliyekosea."

Bi Rehema alilinganisha mwenyewe, mara mbili. Alikuwa mtu wa haki. Alisema fomu ina swali moja tu la mwisho, kama programu imetoa jibu sahihi, na jibu ni ndiyo. Akatia saini. Bwana Kupaza alimpa kabichi mbili na akamwambia awasalimu wa makao makuu.

Kabla ya kuingia garini dada yule alinivuta pembeni. "Mama, kompyuta yenu ikija haitaelewa Kishambaa. Unalijua hilo."

"Nilijua tangu kikao cha kwanza, mwanangu."

"Basi jifunze Python. Inasomeka kama maneno ya kawaida, na ukikosea inakutajia mstari. Kwa namna ulivyozoea kusahihishwa, utaiweza." Akatoa kitabu kwenye mkoba wake, kimechakaa, kimeandikwa kalamu pembezoni, akanipa. Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye chatu. Bwana Kupaza sikumwambia. Kwake niliendelea kuwa mtu wa Kishambaa, na kila kompyuta ilipotoa jedwali zuri aliwaonyesha wageni kwamba imeanza kuzoea.

Miezi ya kwanza ilikuwa migumu kama mtakavyoiona ninyi. Programu yangu ilikataliwa siku nzima kwa sababu ya nafasi mbili zilizozidi mwanzoni mwa mstari. Lakini nilikuwa nimeshakataliwa na mtaalamu, kwenye kibaraza, mbele ya mama mpishi, na kompyuta angalau ilinitajia mstari. Mwaka wa pili niliandika programu ya kukagua madaftari yote ya zamani, na ikagundua kwamba huko Sigi mvua hainyeshi Jumapili. Si mwaka mmoja, miaka yote. Na Jumatatu hunyesha maradufu. Nilisafiri hadi huko kumuuliza msomaji wa kipima mvua, mzee wa kanisa, nikamkuta anapalilia maua ya nyumba ya wageni.

"Jumapili sifanyi kazi," alisema.

"Na mvua ya Jumapili, Baba?"

"Inasubiri."

Nimeiacha ilivyo, na nimeandika maelezo chini ya jedwali. Msiifute safu hiyo mkidhani ni hitilafu.

Sasa mkiniuliza mchague lugha ipi, nawaona mnavyokesha mkilinganisha ipi ina ajira, ipi ina kasi, ipi imepitwa. Yote hayo yana maana kidogo. Mimi ningeuliza kwanza ni nani atakayekaa na wewe Jumamosi akarudisha kazi yako bila kukuonea huruma. Akiwepo mtu huyo, jifunze lugha anayoijua yeye. Nyingine zitafuata zenyewe.

Mwezi wangu wa mwisho kazini nilikwenda Rangwi na kompyuta ya mkononi begani. Bruda Gaspari hakamui tena, macho yamepungua nguvu, lakini kitini bado anakaa amenyoosha mgongo. Katika miaka yote ile hakuwahi kukubali niilete. Alisema ng'ombe hawangoji. Safari hii alikubali. Nilimwekea mvua ya Rangwi ya mwaka mzima, nikabonyeza, na jumla za miezi kumi na miwili zikatokea kabla hajamaliza kuvaa miwani.

Aliuliza imemaliza kweli au imekata tamaa. Nikasema imemaliza. Akaomba daftari na kalamu ya risasi, akaanza kujumlisha Januari kwa mkono. Nilikaa na mama mpishi wa sasa tukachambua maharage. Kila mwezi alipoupata alisema "sawa" kwa sauti ndogo, akaendelea. Novemba haikupata "sawa". Nilikwenda nikainama begani kwake. Yake ilikuwa imepungua kumi. Alirudia kutoka juu, kidole juu ya kila siku, na katikati ya mwezi kidole kikasimama.

"Hapa nilipaswa kubeba moja," alisema, "sikuibeba."

Akafuta, akaandika jibu jipya, akalitazama lile la kwenye kioo, kisha akainuka kwenye kiti kwa kushikilia meza na kunionyesha kwa mkono nikae mimi kwenye kiti cha mashine. Yeye akachukua bakuli la maharage yaliyobaki, akaenda nalo kwenye jua.